Siku Scola Alipofaulu

Siku binti yangu alipofaulu mtihani kwa mara ya kwanza maishani mwake, nilikaa kwenye ngazi za kliniki nikalia mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nimefiwa.

Nikamwambia hapana, mwanangu amefaulu.

Yule mlinzi, mzee wa Kizulu, akanitazama, akasema "eish, mama," akarudi kwenye kiti chake. Naamini aliona nimechanganyikiwa, na hakuwa mbali na ukweli.

Nisiwazungushe sana, wakuu.

Naitwa Coletha. Kwetu ni Muleba, mkoa wa Kagera, lakini huu ni mwaka wa nane niko Durban, Afrika Kusini. Mume wangu Ladislaus anafanya kazi kwenye ghala moja huko Clairwood, kupakia na kupakua makontena. Tunakaa flat ya ghorofa ya sita huku Point, karibu na bandari.

Kabla sijaja huku nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Na hapa sijipigii debe, nilikuwa mwalimu haswa. Darasa langu la saba lilishika namba moja kata nzima miaka mitatu mfululizo. Wazazi waliniletea ndizi mpaka nikawa nazigawa.

Siri yangu ilikuwa moja tu. Kambi.

Kama umesoma Bongo unaijua. Mtihani ukikaribia, watoto wanahamia shuleni na magodoro yao, mnakula maharage pamoja, mnafanya mitihani ya miaka iliyopita kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Mtoto aliyekuwa hajui lolote anatoka pale anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Kuelewa kutakuja huko mbele. Kwanza ufaulu.

Shikeni hapo, maana hapo ndipo nilipojimaliza.

Scola ni mtoto wetu wa pekee. Mchangamfu huyo, kwenye lifti anasalimia kila mtu, hata wale wasiojibu. Nguo anakunja vizuri kuliko mimi, na viatu vya nyumba nzima anavipanga jozi kwa jozi bila kuambiwa.

Ila herufi hazikai kichwani. Leo atasoma "ba" mara kumi, kesho anaitazama kama hawajawahi kuonana. Akihesabu, akishapita tano anaanza kucheka, kwa sababu alishagundua akicheka watu wanaacha kumuuliza.

Alisoma darasa la kwanza mara mbili hapa mjini. Darasa lilikuwa na watoto hamsini na kitu. Mwalimu wake hakuwa mbaya, alikuwa hana muda. Wenzake wakampa jina ambalo siliandiki hapa.

Akaanza kujikojolea. Kila asubuhi, tukifika tu kwenye robot, taa za barabarani wanavyoziita huku, karibu na shule, tukiwa tunasubiri taa iwake tuvuke, nasikia mkono wake unalegea kwenye mkono wangu. Nikiangalia chini, soksi zimelowa.

Nikamtoa. Nikajaza fomu za kumsomesha nyumbani. Nikajiambia, mimi nimefaulisha watoto wa watu, wa kwangu atanishinda?

Alinishinda.

Miaka miwili, kwenye meza ya jikoni, kila siku saa mbili asubuhi. Chati ya irabu ukutani, maharage ya kuhesabia kwenye kikombe. Nimemwimbia, nimembembeleza, nimemfokea. Siku moja nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaanguka, na yeye akaanza kuokota maharage moja moja huku anacheka kile kicheko chake. Nikaenda kujifungia bafuni.

"Mama Scola," Ladislaus akaniambia kupitia mlangoni, "huyu mtoto apimwe."

"Apimwe nini? Ana malaria?"

"Unajua ninachosema."

Nilijua. Sikutaka tu kusikia.

Sasa, ng'ambo ya maji kutoka dirishani kwetu unaiona Bluff, kile kilima kirefu kinachokinga bandari. Mama mmoja wa kanisani alituambia kuna shule kule ya watoto wanaochelewa kujifunza. Darasa moja watoto kumi na mbili. Wanafundishwa polepole, kwa mikono, mapishi, ushonaji, bustani, na kusoma kunafuata humo humo. Mtoto wa jirani yake aliingia hajui jina lake, sasa anaandika orodha ya kwenda dukani.

Niliposikia hivyo niliona nimepata pa kumfikisha mwanangu.

Masharti yalikuwa mawili. Mtoto aingie kabla hajatimiza miaka kumi. Na aje na ripoti ya mwanasaikolojia aliyempima uwezo wa kujifunza.

Kupimwa bure ilikuwa kwenye kliniki moja tu mjini, na foleni yake ni ya kufa mtu. Tulisubiri miezi kumi na moja. Nilikuwa napiga simu kila Jumatatu mpaka yule dada wa mapokezi akawa anaitambua sauti yangu. Walipotuita, Scola alikuwa na miaka tisa na miezi mitatu. Nikapiga mahesabu, tumewahi.

Barua ya kliniki ilikuwa ukurasa mmoja. Siku, saa, na mstari uliokolezwa wino: mzazi asimwandae mtoto kwa namna yoyote. Alale vizuri, ale vizuri, aje.

Nilicheka peke yangu jikoni.

Barua kama hizo nilikuwa naziandika mimi. Tunawaambia wazazi msiwe na wasiwasi, halafu huku nyuma magodoro yameshapangwa darasani. Nikaona hawa Wazungu wanatuandikia kama watoto wadogo. Shule ina nafasi kumi na mbili, wanaoomba wamejaa foleni ya mwaka mzima. Unadhani watachukua nani? Watachukua walio afadhali. Nilikuwa sijawahi kuona shule duniani inayofanya vinginevyo.

Hapo ndipo anapoingia Ghislaine.

Ghislaine ni Mkongo wa Bukavu, anakaa ghorofa ya nne, mwanawe anaitwa Bonheur. Asubuhi anasafisha maofisi, Jumamosi anasuka nywele. Mwaka juzi alipolazwa wiki tatu, Bonheur na mdogo wake walikula na kulala kwangu. Tangu hapo tukawa ndugu.

Jumamosi hiyo alikuwa anamsuka Scola sebuleni kwangu. Nikamwonyesha barua. Akasoma jina la jengo, akasonya.

"Mama Scola, hapa ni kwenye miye nasafisha."

"Acha utani."

"Vraiment, kweli. Ile mutihani yabo naijua kwenye iko. Iko ndani ya kabati, lakini siku ingine banaiacha ju ya meza. Kitabu moya, na kasanduku ya vibao, rouge na blanc. Batoto bote banapewaka ile ile moya."

"Hawabadilishi maswali?"

"Habanabadilishaka. Tangu mwaka mbili niko pale, ni ile moya tu."

Kwetu jambo hili lina jina, paper imevuja.

Na niseme ukweli wangu. Nikiwa kazini sikuwahi kugusa paper iliyovuja. Walinifuata, nikawafukuza. Niliwadharau walimu waliofanya hivyo na niliwaambia usoni. Lakini wale walikuwa watoto wa watu wengine.

"Mama Bonheur, unaweza kupiga picha?"

Mikono yake ikasimama kwenye nywele. "Na bakinikamata?"

"Nani atakukamata saa kumi na mbili asubuhi? Picha chache tu."

Scola, kichwa kikiwa katikati ya magoti ya Ghislaine, akauliza, "Picha ya nani?"

"Ya shule yako," nikamwambia.

Ghislaine akaendelea kusuka. Aliposema tena, alisema polepole. "Ni ju yako weye ulinichungia batoto. Mutu mwengine singefanya."

Jumanne simu yangu ikalia. Picha thelathini na mbili.

Nikaweka kambi.

Nilimwomba Ladislaus mbao za pallet zilizovunjika kule ghalani, nikamwambia nataka vibao vidogo vya kufundishia. Akavikata kwa msumeno, akavipiga msasa mpaka vikawa laini. Nikavipaka rangi ya kucha, nyekundu pande hizi, nyeupe pande zile, nusu kwa nusu pande zilizobaki. Ukiviona ungedhani vimetoka dukani.

"Barua si imesema asiandaliwe?" Ladislaus akaniuliza.

"Barua ni barua tu."

Akachukua ufagio, akafagia vumbi la mbao. Mume wangu ni mtu wa amani, na wakati mwingine amani yake inatugharimu.

Wiki sita. Nilimtandikia Scola godoro sebuleni ili mambo yawe kambi kweli kweli. Asubuhi vibao. Nyekundu hapa, nyeupe pale, nusu nusu huku chini. Mchana picha zenye kasoro, meza isiyo na mguu, uso usio na sikio. Jioni namba za kukariri, nasema yeye anarudia. Maneno magumu nikamwandalia majibu kamili kwa Kiingereza, akayameza yalivyo.

Na sheria moja ya kambi, ile niliyowapa watoto wote niliowahi kuwafundisha.

"Scola, ukiulizwa, usiseme hujui. Anayesema hajui anapoteza nafasi yake. Sawa?"

"Sawa."

"Ukiulizwa?"

"Sisemi sijui."

Jambo la ajabu, aliipenda. Mtoto aliyekuwa anajificha chini ya meza akiona daftari sasa anaamka kabla yangu. "Mama, leo kambi?" Alikuwa anavishika vile vibao, anavigeuza, anavipanga, ulimi umetoka pembeni ya mdomo. Na vilikaa kichwani. Alichoshika Jumatatu, Ijumaa bado anacho.

Miaka miwili nimemfundisha kwa chati na kelele, kumbe mtoto anajifunza kwa mikono. Mimi mwalimu nililiona hilo kwa macho yangu, nikalipita, kwa sababu nilikuwa nawaza mtihani.

Jioni tulikuwa tunasimama dirishani. "Shule yako ile kule," namwonyesha Bluff. Anapunga mkono.

Siku ikafika.

Aliyempima anaitwa Daktari Thaver, mama wa Kihindi wa Chatsworth, mpole, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Alimshika Scola mkono, wakaingia chumbani, mlango ukafungwa. Nikakaa nje masaa matatu na rozari mkononi.

Walipotoka, Scola alikuwa amebandikwa nyota ya dhahabu kwenye gauni.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, kwa sauti kubwa, "vilikuwa vile vile."

Daktari Thaver akatabasamu tu, Kiswahili hakijui. Nikatabasamu na mimi, nikamfinya Scola kiganja.

Kwenye taxi ya kurudi akaniegemea. "Nimefaulu?"

"Umefaulu."

"Kweli kweli?"

"Kweli kweli."

Akaitoa ile nyota kwenye gauni akaibandika kwenye begi lake la shule, ambalo lilikuwa halijabebwa miaka miwili. Jioni alimwambia kila mtu kwenye lifti kwamba amefaulu. Mpaka wale wasiojibu salamu, siku hiyo walijibu.

Baada ya wiki tatu nikaitwa kuchukua majibu. Nilivaa kitenge kipya.

Haya aliyosema Daktari aliyasema kwa Kiingereza, mimi nawaandikia kwa lugha yetu.

"Mama Scola, nina habari nzuri. Kusema kweli nimeshangaa. Kwa maelezo uliyonipa nilitarajia matatizo makubwa. Lakini uwezo wake uko kwenye kiwango cha kawaida. Chini kidogo, lakini kawaida."

"Asante Mungu," nikasema.

"Kwa hiyo anaweza kurudi shule ya kawaida. Kuchelewa kwake, kwa ninavyoona," hapo akasita, akachagua maneno, "kunatokana zaidi na kukosa mafunzo ya kutosha huko nyumbani."

Hilo lilinichoma, lakini nikalimeza. "Sawa Daktari. Na Bluff anaanza lini?"

Akavua miwani. "Bluff? Hapana, mama. Kwa ripoti hii hawawezi kumchukua."

"Si amefaulu?"

"Shule ile haichukui watoto waliofanya vizuri. Inachukua watoto ambao hawawezi kumudu penginepo. Ripoti hii inasema Scola anaweza."

Nilikaa nimeshika pochi yangu kwa mikono miwili. Nakumbuka kulikuwa na feni na ilikuwa inapiga kelele. Nikamshukuru, nikaichukua ripoti, nikatoka, nikafika kwenye zile ngazi, nikakaa.

Mengine mnayajua.

Ladislaus aliporudi kutoka kazini nilimweleza kila kitu, na picha nikamwonyesha. Aliziangalia zote thelathini na mbili. Kisha akachukua kibao kimoja mezani, akakishika kiganjani.

"Hivi nilivikata mimi," akasema.

"Hukujua."

"Nilijua. Niliisoma ile barua." Akakirudisha. "Rudi ukaseme ukweli."

"Nikisema, na Ghislaine?"

"Ghislaine usimtaje."

Jumatatu nikarudi. Nilimwambia Daktari Thaver kwamba nilipata picha za mtihani, nikamfundisha mtoto wiki sita. Nikamwambia ripoti yake ni ya uongo na uongo ni wangu. Nilisema kwa haraka nisije nikaogopa katikati.

Hakupiga kelele. Ningefurahi kama angepiga kelele.

"Nani alikupa?"

"Siwezi kusema."

Akafungua faili la Scola, akapekua mpaka karatasi moja ya karibu na mwisho.

"Kuna sehemu moja ambayo haiko kwenye kitabu," akasema. "Ni mazungumzo tu, huwa nayafanya mwenyewe ili mtoto atulie. Namwuliza anapenda nini, anaogopa nini. Nilimwuliza Scola, ukiulizwa kitu ambacho hukijui, huwa unafanyaje? Nikaandika jibu lake kama alivyolisema. Nilidhani anatania."

Akanigeuzia karatasi. Ilikuwa kwa mwandiko wake Daktari, wa penseli, kwa Kiingereza.

*Nasema najua, ili mama asilie.*

Wakuu, nimezika baba na mama. Sijawahi kuumia kama siku ile.

"Mpime tena," nikamwambia. "Kesho. Sitamfundisha chochote. Hata usingizi alale hapa kwenu."

"Siwezi. Nikimpima sasa nitakuwa napima mazoezi yako, simpimi yeye. Lazima asahau. Miaka miwili."

"Kuna mtihani mwingine?"

"Upo, unafanana na huu. Vibao, namba, picha. Ulimfundisha vizuri mno, mama."

Maneno yale niliwahi kuambiwa na mkaguzi wa elimu, mbele ya shule nzima, watoto wakapiga makofi.

Miaka miwili ukijumlisha na tisa na nusu, Bluff haipo tena. Daktari Thaver, Mungu ambariki, aliandika barua kwa ile shule kueleza, bila kuniaibisha. Wakajibu kwa heshima kwamba bila ripoti iliyo halali mikono yao imefungwa. Na nafasi ya mwaka huo ilikuwa imeshajaa.

Na Ghislaine sikumtaja. Naapa sikumtaja. Lakini mtihani ukishajulikana umetoka nje, wenye ofisi hawahitaji jina. Wiki hiyo hiyo waliondoa wafanya usafi wote wa ghorofa ile, wanne, na watatu kati yao hawakujua hata kabati lilikuwa wapi.

Nilimfuata ghorofa ya nne. Alifungua mlango nusu.

"Mama Bonheur, nisamehe."

"Miye sina kasirani na weye," akasema. "Ni miye nilipiga ile picha, si weye. Lakini usikuye tena hapa, Mama Scola. Nikikuona, naona ile kazi."

Akafunga taratibu. Tukikutana kwenye lifti sasa, anashuka ghorofa yoyote itakayofunguka.

Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi.

Shule ya kawaida nilienda kuiulizia. Kwa umri wake wangemweka na watoto wa darasa la nne, hamsini na tano. Tulipofika kwenye robot, ile ile, mkono wake ukalegea. Tukarudi nyumbani.

Kwa hiyo tuko hapa jikoni, mimi na yeye na maharage. Nimejaribu kumfundisha kwa vile vibao, nikaviandikia herufi. Anaviangalia, anavigeuza kutafuta nyekundu, anapanga michoro ya kambini. Hicho ndicho alichokariri na hakikubali kutoka. Nikimwambia hapana, hii ni "ba", anajibu haraka, "Najua." Hajui. Nilichomfundisha vizuri kuliko vyote ni hicho.

Mwezi wa kwanza shule zikafunguliwa. Asubuhi nikamkuta Scola amesimama mlangoni. Viatu vyeusi miguuni, begi mgongoni, nyota imeanza kubanduka pembeni.

"Mama, twende. Tutachelewa."

"Twende wapi?"

"Bluff." Akaniangalia kama mimi ndiye nisiyeelewa. "Si nilifaulu?"

Kabla sijawaambia nilimjibu nini, niseme na mzazi mwenzangu unayesoma hapa, hasa wewe uliyesoma kama nilivyosoma mimi, uliyelelewa kuamini kila mlango una mtihani na kila mtihani una ujanja wake. Mtoto wako akienda kwa mtu anayeweza kumsaidia, mpeleke kama alivyo. Usimpake rangi. Mwache asijue mbele ya yule mtu, akosee, ashindwe, aonekane. Mimi niliona aibu mwanangu kuonekana, nikamficha kwa yule mtu mmoja aliyekuwa na ufunguo. Na ukimfundisha mtoto asiseme hajui, siku atakapohitaji kukuambia ameshindwa hatakuwa na neno la kukuambia.

Basi nikachuchumaa mbele yake pale mlangoni.

"Ulifaulu, mwanangu," nikamwambia. "Aliyefeli ni mama."

Nikawa nalia, sikuweza kujizuia.

Scola akashusha begi, akavua viatu, akavipanga pamoja na vya baba yake. Akavuta godoro mpaka katikati ya sebule. Akavimwaga vile vibao.

"Usilie," akasema. "Kaa hapa. Tunakuwekea kambi."

Nikakaa. Akanishika mkono wangu wa kulia, akaweka kibao humo ndani.

"Nyekundu hapa," akasema. "Nyeupe pale. Na ukisahau, mama, usiseme hujui."